Okidi ya Amani kutonukia mchana
Unauliza kama umeuziwa feki kwa sababu okidi yako ya Amani (Rangaeris amaniensis) hainukii mchana, na kama uipande kwenye udongo. Hapana, hujauziwa feki. Okidi hii hunukia usiku. Mchana unaweza kuweka pua kwenye ua usisikie chochote. Subiri giza liingie ndipo uinuse tena. Maua yake meupe yenye ule mkia mrefu mwembamba kwa nyuma yanachavushwa na nondo wa usiku wenye ulimi mrefu, maana nekta imo mkiani, kwa hiyo ua halina sababu ya kupoteza harufu wakati nondo wamelala. Okidi nyingi nyeupe zenye mkia mrefu kama huo ziko hivyo hivyo.

Ila kama hata usiku hainukii, angalia umri wa ua: likianza kugeuka manjano, harufu inakuwa imekwisha. Na hilo la kuipanda kwenye udongo acha kabisa. Ni mmea wa kwenye magome ya miti, jina lenyewe ni la Amani kule Usambara, milima ya ukungu. Ifunge kwenye kipande cha gome, inyunyizie maji asubuhi, mizizi ipigwe na upepo ikauke kabla ya usiku. Dar joto litaisumbua. Lushoto au Limuru itakaa vizuri zaidi.