Jua lote hili la Mombasa, na vitamini D bado iko chini?

Dadangu wa Kisauni, wasema uko kwenye TLD (kidonge cha VVU chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir), vitamini D imepatikana iko chini na kriatinini (taka ya damu ambayo figo huitoa) imepanda kidogo, na wataka kununua vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Ngoja kwanza.

Kriatinini mimi pia ilinipanda nilipotolewa kwenye efavirenz (ile dawa ya VVU ya ndoto za ajabu) nikawekwa TLD. Wallahi nilijiona nishaingia foleni ya kusafishwa damu. Kliniki wakanieleza kuwa dolutegravir huzuia kidogo njia ya figo ya kutoa kriatinini, basi namba hupanda wiki za mwanzo kisha ikatulia, na figo haijaumia. Yangu ilitulia. Ikiwa yako yazidi kupanda, hapo huangaliwa tenofovir, kwani yaweza kuharibu mirija ya figo, fosfeti ikapotelea kwenye mkojo na mifupa ikadhoofika. Uliza kama mkojo utapimwa protini. Na zile diklofenaki unazomeza kwa ajili ya mgongo zitaje, hazipatani na tenofovir.

Ama vitamini D, watoka alfajiri na buibui lako, washinda ofisini kwenye AC, warudi magharibi. Jua likupate wapi? Na ngozi nyeusi yahitaji muda zaidi. Jua la kazi ni lile la wakati kivuli chako ni kifupi kuliko wewe mwenyewe, basi toka uani mikono na miguu iwe wazi. Mimi hulipata nikifua. Dagaa na jodari pia wanayo.

Ukiandikiwa vitamini D peke yake, haigombani na TLD. Mgomvi ni kalsiamu, na madini ya chuma pia: hushikana na dolutegravir tumboni, dawa isiingie vizuri kwenye damu. Meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baadaye, au vyote kwa pamoja ukila chakula. Vidonge vya kiungulia tunavyotafuna baada ya biriani, vile vya magnesi na alumini, hata chakula hakiviponyi. Fuata saa hizo hizo.

Dozi kubwa za vitamini D za kujipimia mwenyewe huzidisha kalsiamu kwenye damu, na mzigo huo waangukia figo zile zile unazozihofia. TLD usiiache hata siku moja. Kama ni kubadilishwa, kliniki ndio watakaoibadilisha.