Taya Limegoma

Bi Rukia ni mtaalamu wa tiba ya viungo jijini Nairobi. Kila mwezi hujibu barua za wasomaji kuhusu mwili na kazi.

*Shikamoo Bi Rukia. Nina miaka 29, ninakaa Pipeline na mwanangu wa darasa la pili. Kazi yangu ni kuwapigia simu watu walioshindwa kulipa mikopo ya simu. Ofisi iko Barabara ya Mombasa, ghorofa ya tatu, tumepangwa mistari sita kama darasa. Tageti ni simu 150 kwa siku na msimamizi anasikiliza. Mtu akikataa kulipa tunaambiwa "mbane": mwambie utampigia mkwewe, utampigia bosi wake. Wengine hulia. Wengine hunitukana mpaka wamfikie marehemu nyanya yangu.*

*Tangu Februari nikiamka taya linauma. Daktari wa meno anasema ninasaga meno usiku. Mabega yamekuwa mbao. Saa tisa usiku macho hufunguka yenyewe, nasikia simu inalia na hakuna simu. Jumapili jioni nikipiga pasi blauzi ya kesho, tumbo linaanza kunisokota. Juzi mwanangu aliniuliza swali la hesabu nikamjibu kwa ile sauti ya kazini. Alifunga daftari akaenda kulala bila kula.*

*Niliona video inayosema nivute pumzi kubwa mara ishirini. Nikavuta, kichwa kikazunguka, vidole vikafa ganzi, nikaacha. Je, huu ni ugonjwa? Na nifanye nini? Kuacha kazi siwezi, kodi ya nyumba ni tarehe tano.*
*Mama Brayo, Pipeline*

Marahaba, Mama Brayo. Tuanze na kizunguzungu, maana ndicho kilichokutisha. Ukivuta pumzi kubwa kubwa mfululizo, oksijeni haiongezeki kwa kiasi cha maana. Unachofanya ni kuitoa kabonidayoksaidi kupita kiasi. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu ubongoni hubana, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinakufa ganzi. Hukuharibu kitu. Ila aliyekuambia uvute alikosea mlango. Mtu mwenye wasiwasi ameshajaa pumzi hadi shingoni, kinachomshinda ni kuitoa.

Nayajua haya kwa kuwa yalinikuta. Mwaka 2013 nilikuwa katika hospitali moja hapa mjini, wagonjwa thelathini kwa siku, nusu yao wa kunyanyuliwa. Nikijiona mzima. Jioni moja ndani ya matatu ya Barabara ya Ngong, konda aliniomba nauli mara mbili nisimsikie, mara ya tatu akanigusa bega. Kufungua kiganja, sarafu ya shilingi ishirini ilikuwa imechora duara zima kwenye nyama, jekundu, na vidole havitaki kunyooka. Nilikuwa nimeibana tangu kituoni. Mimi, niliyeshinda mchana kutwa nikiwaambia watu "legeza, mama, legeza mkono"!

Umeuliza kama ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazi kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, na likasema wazi kwamba wenyewe si ugonjwa. Ni hali inayoletwa na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Wametaja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo moyoni, na kuona unachofanya hakizai kitu. Nimependa kwamba waliuweka kazini, mahali pake, kwa sababu wengi mnaniandikia mkijilaumu utadhani mlizaliwa na mabega mabovu.

Sasa taya. Weka vidole pembeni mwa shavu, chini ya sikio kidogo, kisha uume meno. Unasikia msuli unavyovimba? Mtu akitaka kusema neno akalimeza, hubana hapo. Wewe unameza mara mia na hamsini kwa siku. Aliyekutukania nyanya huruhusiwi kumjibu, na msimamizi hujamwambia kwamba hutaki kumpigia mkwe wa mtu. Usiku taya linaendelea na mazungumzo peke yake.

Dawa ya kwanza haina gharama. Ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya mbele ya juu, pale unapoanza kutamka "n". Midomo ifungwe, meno yaachane. Meno ya juu na ya chini hayana shughuli ya kukutana ila wakati wa kula na kumeza. Bandika kipande cha karatasi cha rangi kwenye kona ya kompyuta yako, usiandike kitu. Kila jicho likikiona, angalia meno yako yako wapi. Wiki ya kwanza utayakuta yameumana kila mara na utakasirika. Usikasirike, achanisha tu.

Ya pili ni ya mabega. Karibu miaka mia moja iliyopita daktari mmoja wa Chicago, Edmund Jacobson, alifundisha kwamba msuli usiojua kulegea ubanwe kwanza kwa makusudi, ndipo mwenye msuli aijue tofauti. Ukimaliza simu mbaya, kabla ya kubonyeza inayofuata, pandisha mabega mpaka masikioni, bana ukihesabu hadi tano, kisha yaachie yaanguke kama mkoba uliokatika mkanda. Halafu kaa kimya ukihesabu hadi kumi, usikie damu inavyorudi. Watu wengi huruka hii kumi, na kazi yenyewe iko humo. Rudia mara mbili. Msimamizi akiuliza, mwambie shingo inauma, si uongo.

Ya tatu ndiyo ya pumzi, safari hii kwa kutoa. Vuta kwa pua polepole ukihesabu hadi nne, tumbo litangulie kabla ya kifua. Toa kwa mdomo ukihesabu hadi sita, kama unayepuliza chai ya maziwa iliyoshuka jikoni sasa hivi: ukipuliza kwa nguvu inamwagika. Ukiwa unatoa, mapigo ya moyo hupungua kidogo, kwa sababu mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni, unaufunga moyo breki. Mara tano, hazifiki dakika moja. Kama kwenye mstari wenu hakuna faragha, nenda msalani. Nimewatuma msalani wahasibu, walimu na hata askari mmoja mwenye bunduki.

Nyumbani tandika mkeka, lala chali, miguu iwe juu ya kitanda, magoti yamekunjwa. Dakika kumi, kabla ya kuwasha jiko. Brayo atataka kulala hapo pia, mwache. Watoto hulegea haraka kuliko sisi na utamwiga bila kujua. Ukishalala naye hapo ndipo umwombe radhi kwa ile sauti. Chai kali iwe imekwisha saa nane mchana, maana kafeini huchukua saa tano hivi kupungua nusu tu mwilini. Ukiamka saa tisa, simu isiguswe. Mkono juu ya tumbo, nne kwa sita, mpaka usingizi urudi au jogoo wa jirani awike.

Nikinyamaza hapa nitakuwa nimekusaidia kuzoea jambo lisilozoeleka. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho na matusi katika kudai deni, na zinakataza kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu ya mdaiwa bila idhini. Kwa hiyo unapoambiwa "mbane kwa mkwewe", unatumwa kufanya lililokatazwa. Sikuambii umvamie msimamizi kesho. Anza kwa kuyaacha maneno ya mkwe na bosi, dai deni kwa adabu, na andika kwenye daftari lako tarehe na agizo ulilopewa. Wenzako wa mstari wa pili na wa tatu bila shaka wana mataya pia, waulize.

Tena una haki ya likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo kamili, ukishatimiza miezi kumi na miwili. Hukuandika ulichukua lini ya mwisho, nami nikiona mtu hakuandika huwa najua jibu. Na maumivu yakihamia kifuani, au ukiona siku zinapita hutaki kuamka wala kumwona mtoto, hapo mazoezi yangu yaweke kando, uende hospitali.

*Bi Rukia, mimi ni mhasibu Upper Hill. Mwaka jana wenzetu wawili waliacha kazi, hawajaajiriwa wengine, kazi zao tumegawiwa. Sasa bosi ametuletea mwalimu wa yoga kila Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kwenye lile zoezi la mwisho la kulala chali mimi hukoroma, wananicheka. Tena mama anasema yoga ni ibada ya watu wengine. Niendelee?*
*Mkoromaji*

Ndugu yangu, anayekoroma saa kumi na moja na nusu jioni kwenye sakafu ya ofisi anadaiwa usingizi, na deni hilo halilipwi Ijumaa. Yoga ilitoka India na mizizi yake ya kidini ipo, mama hakusema uongo. Lakini kunyoosha mgongo na kupumua havina kabila. Kama moyo unasita, mwambie mwalimu utafanya ya viungo tu na maneno utamwachia yeye, atakuelewa.

Kinachoniudhi ni saa. Kwa nini saa kumi na moja jioni, wakati wako, na si saa nane mchana, wakati wake? Mwombeni bosi asogeze. Mkishakaa naye mezani mwonyesheni na hesabu, nyie ni wahasibu: kazi za watu wawili, saa ngapi kwa wiki, zimegawiwa nani. Mkeka haujawahi kufunga vitabu vya mwisho wa mwezi.

*Mimi ni soja, nalinda geti Westlands, saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, siku saba. Miguu inavimba, mgongo unauma, hasira zimekuwa karibu. Sina mkeka wala hizo dakika kumi zenu. Kiti kipo kibandani lakini tunaambiwa ni cha mkubwa akija kukagua.*
*Soja wa usiku*

Pole kaka. Wewe hata geti lako linatosha. Shika nguzo, nyanyua visigino, shusha polepole, mara ishirini, kila nusu saa. Msuli wa nyuma ya muundi ndio pampu inayorudisha damu juu, na mtu akisimama wima bila kuutumia, damu na maji hukaa chini ndipo miguu ivimbe. Mgongo uegemeze ukutani, visigino hatua moja mbele, sukuma kiuno kiguse ukuta, toa pumzi polepole. Mara kumi. Ukifika nyumbani lala miguu ikiwa juu kuliko kifua. Lakini ukivimba mguu mmoja tu, una joto na unauma, usiungoje mshahara: nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Siku saba si halali. Sheria ya Ajira, ile niliyomtajia Mama Brayo, inataka siku moja ya mapumziko angalau katika kila siku saba. Anza kuidai kwa maandishi, ukiwa na wenzako wa mageti mengine.

Na mkubwa huja kukagua mara ngapi, mara moja kwa usiku? Basi kiti kikalie mpaka uone taa za gari lake.