Leo nitalala

Mke wangu alikata roho alfajiri moja ya Julai, hapa Uyole, Mbeya, baridi ile inayong'ata masikio. Kabla chozi halijanidondoka, kichwani lilipita neno moja: leo nitalala.

Nilikaa na neno hilo karibu miaka miwili bila kumwambia mtu.

Alipigwa na kiharusi mwezi wa 12. Kwa miezi saba nilimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, nikamlisha uji kwa kijiko cha chai, nikafua mashuka ambayo kwa mvua za Mbeya hayakauki mpaka uyaanike karibu na jiko la mkaa. Usiku nilijifunga kitambaa mkononi, ncha nyingine nikaifunga kwenye mkono wake uliobaki mzima, akihitaji kitu avute. Alivuta sana. Mara nyingine hakuwa na shida yoyote, alitaka tu kujua nipo.

Msibani nilijiona kama muuaji. Watu wananipa mkono: "Kazi ya Mungu haina makosa." "Jikaze, baba." Ukishaambiwa kazi ya Mungu haina makosa, utaanzia wapi kuyasema ya kwako?

Aliyenifungua mdomo ni shemeji, dada yake mkubwa, ambaye alikuwa akipanda kutoka Tukuyu kuja kunipokea zamu. Tulikuwa tunamenya ndizi, nikamwambia. Hakuacha kumenya.

"Shemeji, mimi kwenye gari la kuja kuzika nilisinzia mpaka Uyole. Mdogo wangu amelala maiti, mimi nakoroma."

Kwa hiyo, ukitaka kulisema la kwako, mtafute mliyeuguza naye. Hao wengine watakuhurumia tu, yeye anajua ule usingizi. Na kama wiki zinapita huli, hulali, au unawaza kumfuata marehemu, usingoje shemeji wala mchungaji, nenda hospitali useme hivyo hivyo.

Lipo la pili, na hili ni zito. Kabla hajaanguka, vidonge vyake vya presha viliisha, nikasema tusubiri tuuze viazi. Alikuwa anapika, anacheka, anakwenda shamba. Kumbe presha yaweza kupanda bila dalili yoyote, na dawa yake humezwa kila siku hata ukijisikia mzima. Mimi niliichukulia kama dawa ya mafua. Hakuna awezaye kuniambia kama vidonge vile vingemwokoa, na kila nikijiuliza usiku najijibu kwa akili niliyoipata baada ya kuzika. Hata hivyo niliahirisha, na niliyeahirisha ni mimi.

Nawaomba wenzangu msiyafunge haya mawili kwenye furushi moja. Kuchoka hakuna cha kutubia. Hili la vidonge nililipeleka kaburini peke yangu, nikamwita jina lake, nikalisema kwa sauti mpaka mwisho. Kisha nikawaambia wanetu wawili wakubwa. Wa kwanza alilia yakaisha. Wa pili alininunia wiki nzima, chakula anakula jikoni, nami sikumlazimisha.

Juzi huyo aliyenuna ndiye aliyenipandisha bajaji kwenda kupima presha. Akasimama karibu na dirisha la dawa, mikono kifuani, mpaka nilipotoka na vidonge. Akavihesabu.