Ukienda misheni nje ya nchi, omba upangiwe jikoni

Bwana asifiwe wapendwa. Msimu wa misheni ukikaribia watu wanagombania maiki, nani atahubiri, nani ataongoza sifa, af ukiuliza nani atapika na nani atabeba spika, kanisa zima linaangalia viatu. Mi nimeenda mara mbili kama mtu wa nyuma, zote Uganda, tunatoka Mwanza na kosta tunavuka Busisi (siku hizi ni daraja, tangu 2025, zamani kwenye foleni ya kivuko mnaimba pambio zote mnazojua zinaisha), Geita, Biharamulo, Bukoba mpaka Mutukula pale mpakani.

Kwanza kadi ya homa ya manjano. Chomeni mapema jamani, cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, sisi mpiga kinanda wetu alichoma siku tatu kabla ya safari akaishia Bukoba kwa shangazi yake anakula senene. Ukishachoma mara moja imetosha maisha yako yote, ile ya kurudia kila miaka 10 ilishafutwa 2016. Na vyombo vya muziki viandikie orodha na namba zake kabla hamjatoka, uwaonyeshe watu wa forodha wakati wa kwenda, la sivyo kurudi utaulizwa hiyo mikisa (ile mashine ya kuchanganya sauti) umeinunua wapi.

Sasa jikoni, hapa ndo nilikosea.

Safari ya kwanza nilibeba jiko la gesi, unga, na dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba debe zima, nikajiona nimejipanga kweli kweli. Tulifikia kijiji kimoja kabla ya Masaka, asubuhi nikawasha jiko naanza uji wa watu 22, mara kina mama wa lile kanisa wanaingia na mikungu ya ndizi kichwani wanakuta mgeni kashika mwiko. Hawakusema kitu. Wakakaa chini ya mwembe wakawa wanamenya ndizi taratibu, hamna anayenitazama, na mi nikadhani wanapumzika. Siku mbili hivyo hivyo. Siku ya tatu Mhaya wetu, ambaye Kiganda anaambulia ambulia, akaniita pembeni, "dada, umewanyang'anya jiko lao, hawa walijipanga miezi kuwalisha nyie."

Aisee nilisikia aibu. Nikazima gesi nikachukua kisu nikaenda kukaa chini nao, yule mama mkubwa wao akapunga mkono "omugenyi, omugenyi", yani mgeni hafanyi kazi, nikagoma kuinuka basi wakacheka wakaniachia mkungu. Kiswahili wenzetu walikipitisha kuwa lugha rasmi 2022 lakini kwenye lile jiko hakijafika, tulielewana kwa vidole. Chini ya sufuria wanapanga vile vikonyo vya majani ya mgomba ili maji yasiguse ndizi, matoke yanafungwa kwenye majani, yanaiva kwa mvuke masaa. Mi nikafunua kidogo nione. Nilipigwa kofi la mkono kama mtoto! Toka hapo nilikuwa mtu wa kuchota maji, kuosha masufuria na kuchochea kuni, na siku hizo ndo nilijua nani anaumwa, nani kafiwa, nani hajaja ibadani wiki ya tatu, mambo ambayo mhubiri wetu pale mbele hakuyasikia hata moja, mimi ndo nilikuwa nampelekea ya kuombea.

Kwahiyo safari ya pili hela ya chakula nilimkabidhi yule mama mbele ya mchungaji wao, nikamuuliza nikae wapi. Akanionyesha kigoda.

Na beba mafuta ya kula upake mikono kabla ya kumenya, ule utomvu hausikii sabuni, mi nilishuka stendi ya Nyegezi, Mwanza, vidole vyeusi kama fundi gereji, konda wa daladala akanirudishia chenji kwa ncha za kucha.