Theluji Kwanza, Vivuli Baadaye

Mdogo wangu unayeanza kupiga picha za mandhari, usimalize akiba yako ukitafuta kamera inayoona kila kitu. Haipo. Kamera nzuri za leo zenye sensa kubwa (sensa ni kipande cha ndani kinachopokea mwanga), zikiwa kwenye ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), hubeba takriban stopu, yaani ngazi, 14 za mwanga, na kila stopu ni maradufu ya ile iliyo chini yake. Zinasikika nyingi. Lakini zile za chini kabisa zimejaa chembechembe zinazochafua picha, na kila unapozidisha ISO mara mbili unapoteza karibu stopu moja nyingine. Kwa hiyo mbele ya mandhari yenye jua kali na kivuli kizito, swali la kwanza ni nini uko tayari kukipoteza.

Chukua Kilimanjaro ukiutazama kutoka Amboseli alfajiri. Kibo, kilele chake kirefu kuliko vyote, chenye mita 5,895, hupata jua dakika kadhaa kabla ya uwanda ulipo wewe. Juu theluji imeshaanza kuwaka, chini tembo bado ni vivuli. Hapo mimi siulizi: theluji kwanza. Waliopiga filamu za negativu walizoea kupima vivuli, kwa sababu filamu ile iliwasamehe kwenye weupe. Sensa haisamehi. Ikishajaa imejaa, na theluji iliyoungua haina kitu cha kurudisha. Kivuli kilichozama unaweza kukinyanyua kwenye kompyuta, ingawa kitakuja na chembechembe zake.

Hifadhi faili la RAW (data ghafi ya sensa kabla kamera haijaichakata), weka upimaji wa doa, yaani kamera ipime mwanga wa sehemu ndogo tu, lenga sehemu ya theluji inayong'aa zaidi. Kamera haijui kwamba ile ni theluji, itataka kuifanya kijivu, kwa hiyo ongeza stopu 2 juu ya kipimo hicho. Piga, kisha tazama histogramu, mchoro unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, tena ile ya rangi tatu. Asubuhi chaneli nyekundu ndiyo huungua kwanza, na histogramu moja ya mwangaza inaweza kukuambia mambo ni salama huku wekundu wa mawingu umeshakwenda. Jambo jingine: histogramu hiyo hutokana na JPEG, picha iliyokwisha kuchakatwa, ambayo kamera inajitengenezea, hata unapohifadhi RAW peke yake, hivyo hulalamika mapema kuliko inavyostahili. Punguza kontrasti kwenye mtindo wa picha ndani ya kamera, itakaribia ukweli.

Ila usiwe mwoga. Anayepunguza stopu 3 eti kwa usalama hajalinda chochote, amekinyima kivuli mwanga tu. Sukuma mwangaza mpaka ukaribie ukuta wa kulia wa histogramu bila kuugonga. Na jua lenyewe likiingia kwenye fremu, liache liungue, hakuna anayetarajia kuona undani wake.

Huku karibu na ikweta huna muda wa kubishana na kamera. Jua hupanda karibu wima, nyuzi zipatazo 15 kwa saa, na mara nyingi mawingu huufunika mlima kabla ya mchana. Maandalizi yote yawe tayari gizani.

Filta ya nusu giza, kioo cha mbele ya lenzi chenye giza upande wa juu tu, husaidia baharini, pale upeo ulipo mstari ulionyooka. Amboseli naiacha mkobani. Mgunga mmoja ukivuka upeo, kilele chake kinakuwa cheusi tii, na miteremko iliyo chini ya theluji inazama nayo.

Njia ninayoiamini ni fremu mbili au tatu zenye mwangaza tofauti, zikipishana stopu 2. Badilisha kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao mwanga unaingia. Ukigusa tundu la lenzi, kina cha ukali wa picha (sehemu ya mbele hadi nyuma inayoonekana wazi) nacho kinabadilika. Hifadhini huruhusiwi kushuka garini ila sehemu chache, kwa hiyo stendi ya miguu mitatu haina kazi. Beba mfuko uliojaa maharage, ulaze dirishani, lenzi ikae juu yake, umwombe dereva azime injini. (Mwombe kwa upole, yeye ndiye anayejua tembo watapita wapi.) Weka kamera ipige fremu zote mfululizo kwa mpigo mmoja.

Sasa, usiziache zote mikononi mwa programu iziunganishe yenyewe. Tembo ametembea, nyasi zimepeperuka, utapata mkonga wenye mzimu. Chagua fremu moja ambayo tembo amependeza, iwe msingi. Kutoka fremu yenye giza chukua theluji na anga tu, kwa kuipaka taratibu kwenye tabaka lake. Theluji haitembei. Kazi hiyo ya tabaka inafanyika kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na RAW zenyewe unaweza kuzifungua kwa programu za darktable au RawTherapee. Zote ni za bure.

Ukivuta vivuli mpaka mwisho, ukingo wa mlima huota utepe mweupe, na picha nzima inakuwa kama bango la chumba cha kunyolea. Rudisha nyuma. Acha chini ya mgunga pawe peusi; asubuhi palikuwa peusi kweli.

Kama picha inakwenda kuchapishwa, chapa kwanza kipande kidogo cha majaribio kwenye karatasi ileile. Karatasi isiyong'aa hubeba tofauti ndogo ya mwanga kuliko skrini, na hukimeza kivuli ulichokuwa unakiona vizuri. Kinyanyue kidogo kwenye nakala ya kuchapa, siyo kwenye faili la msingi.