Kabla ya kununua miksa ya dijitali, hesabu njia za kutokea

Mkuu, umeuliza uchukue X32 ya Behringer iliyotumika, SQ-5 mpya ya Allen & Heath, au ile XR18 ndogo ya Behringer, kwa bendi yenu ya watu nane hapo Moshi inayopiga harusi, sendoff na mara mojamoja mikutano ya injili. Waliotangulia kukujibu wamebishana kuhusu chaneli: 32 dhidi ya 18, basi 32 imeshinda. Mimi nafanya kazi ya mitambo hapa Arusha na nakuja huko kwenu mara kwa mara, hasa Desemba watu wakisharudi nyumbani. Chaneli za kuingilia siyo zitakazokukwamisha. Utakwamia nyuma ya miksa, kwenye matundu ya kutolea sauti.

Tuhesabu kwa bendi uliyoieleza. Ngoma ukumbini hazihitaji maiki kila kona: kiki, sneya na mbili za juu, nne hizo. Besi moja, magitaa mawili, kinanda mbili, waimbaji wanne, saksofoni moja na tarumbeta moja, maiki za MC na wasemaji mbili, kompyuta ya DJ mbili. Jumla 19. XR18 ina matundu 16 ya maiki na mawili ya laini kwa ajili ya kompyuta, yaani 18. Kinanda ukikipitisha kwa waya mmoja badala ya miwili, bendi nzima inaingia. Inabana, ila inaingia.

Sasa zinazotoka. Spika kuu kushoto na kulia. Sabu (spika za besi) ukizilisha peke yake, moja, na nashauri ufanye hivyo maana MC akizungumza hutaki sauti yake ingurume kwenye sabu. Monita, yaani spika za chini za wanamuziki kujisikiliza: ya mpiga ngoma, ya waimbaji, ya kinanda, ya wapulizaji: nne. Mtu wa video, ambaye atakuja na waya wake dakika ya mwisho na hakuna harusi ambayo hayupo: moja. Hapo ni nane, na XR18 inatoa nane, kuu mbili na oksi (njia za pembeni za kutoa sauti) sita. Kamati ikisema kuna wageni nje chini ya turubai wanataka nao kusikia, umeishiwa. Na mwimbaji wenu akinunua monita za masikioni, akitaka kusikia kushoto na kulia, peke yake anakula oksi mbili.

Ndiyo maana XR18 naiheshimu sana kwa bendi ya watu wanne wa hotelini, ila kwenu nyie mtaipita ndani ya msimu mmoja.

X32 kwenye karatasi ina miksi 16, yaani michanganyiko tofauti ya sauti unayoweza kuitoa, zaidi ya zile kuu. Wauzaji hawakwambii kwamba kwa mpangilio wake wa kawaida nne za mwisho, 13 hadi 16, zinatumika kupeleka sauti kwenye mwangwi na vionjo vingine. Zinabaki 12. Ukiziunganisha mbilimbili kwa ajili ya masikioni unapata watu sita. Kwa bendi ya watu nane ambayo nusu wanatumia spika za chini, hiyo inatosha vizuri. SQ-5 hapa ndipo inapoishinda: ina miksi 12 ambazo kila moja inaweza kuwa ya kushoto na kulia, na vionjo vina njia zake pembeni. Bendi ambayo kila mtu ana kifaa chake sikioni, wakiwa na hela, nawaambia SQ bila kusita.

Lakini angalia vizuri. SQ-5 inaandikwa chaneli 48, na nyuma yake kuna matundu 16 tu ya maiki. Hizo nyingine zinatoka kwenye boksi la jukwaani ambalo unalinunua kivyake. Hata X32 ndiyo hivyo: ile kubwa ina matundu 32 ya kuingia na 16 ya kutoka mgongoni mwake, ila Compact, Producer na Rack zote zina 16 na nane, ingawa ubongo ni uleule. Ukiongeza boksi la S16 unapata 16 za kuingia na nane za kutoka. Kwa hiyo bei ya kulinganisha ni ya miksa pamoja na boksi na waya wake. Watu wanalinganisha miksa peke yake kisha wanashangaa.

Kuhusu kilohezi 96 za SQ dhidi ya 48 za X32, sijawahi kuona mgeni wa harusi aliyeacha pilau kwa sababu ya hilo. Faida yake ya kweli ni kwamba ucheleweshaji wa sauti kutoka kwenye maiki hadi sikioni unapungua, na mwimbaji mwenye masikio makali anaweza kulihisi. Yamaha TF sikusikia ukiitaja. Ni nzuri kwa kanisa lenye vijana wa kujitolea wanaobadilishana kila Jumapili, skrini yake inafundishika haraka. M32 ni ndugu wa X32 mwenye priampu (za kukuza sauti ya maiki) na fada (vitelezi vya sauti) bora zaidi, na sini, yaani mpangilio mzima uliouhifadhi, ya moja inafunguka kwenye nyingine. Ukipewa kwa bei nzuri chukua.

Hapo kwenye sini ndipo penye hoja yangu kubwa ya kuichagua X32 kwa mazingira yetu. Siku unaumwa, au una kazi mbili Jumamosi moja, nani atakaa kwenye miksa? X32 nimeikuta makanisani, kumbini na kwa wakodishaji wengi, Arusha na Moshi kote. Fundi ukimpigia simu saa nne asubuhi anakuja na flashi yake mfukoni, anaichomeka, anafungua sini yake na kazi inaendelea. Ukiwa na miksa ambayo mjini mnayo wawili, ikigoma mkiwa Kibosho Ijumaa jioni hakuna wa kukuazima.

Waya wa boksi la jukwaani usifanyie ubahili. Mtandao wa AES50, ambao X32 inautumia kuungana na boksi, unaruhusu hadi mita 100 kwa waya wa Cat5e, lakini uwe wenye ngao, na vichwa vyake viwe vya chuma vilivyounganishwa na hiyo ngao. Ule waya wa kijivu wa ofisini utafanya kazi mkiwa mazoezini, halafu kwenye ukumbi mkavu wenye kapeti, mtu anagusa fremu ya boksi akiwa na umeme wa mwili, sauti inakatika au inapiga kelele kama risasi. Nunua miwili. Mmoja ulaze, mwingine ubaki kwenye sanduku.

Ukiamua kutumia tableti, iwe na XR18 au yoyote, sahau Wi-Fi ya ndani ya XR18. Ni ya gigahezi 2.4, na ukumbi ukijaa simu za wageni inazama. Weka rauta yako ya nje yenye gigahezi 5, juu ya stendi, siyo chini nyuma ya spika, na uache kompyuta imeunganishwa kwa waya pembeni. Tableti ikipotea hewani sauti haikatiki, lakini maiki ikianza kulia huna pa kuishika.

Umeme sasa. Miksa hizi zinavumilia volti kushuka kuliko watu wanavyodhani, X32 inakubali kuanzia volti 100 hadi 240. Tatizo letu ni kukatika. Miksa ya analogi umeme ukirudi inaendelea hapohapo. Ya dijitali inaanza kuwaka upya, na MC amesimama katikati ya utambulisho wa wazazi anapigapiga maiki kwa kidole. UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta inatosha kuibeba hadi jenereta iwake. Weka miksa, boksi la jukwaani na rauta kwenye UPS. Amplifaya usiziweke humo, zitaimaliza. Nimeona watu wanaweka miksa pekee, boksi linazimika, wanabaki wanaangalia taa nzuri za miksa isiyo na sauti.

Kwa hiyo jibu langu: hiyo X32 kubwa iliyotumika, kama gari lenu ni Noah au zaidi na kuna wawili wa kuinyanyua. Kama hakuna nafasi, Compact pamoja na S16. SQ-5 subiri hadi bendi nzima iwe na monita za masikioni.

Ila usilipe kabla ya kuikagua. Nenda na maiki moja ya kawaida na waya mmoja, pitisha tundu moja baada ya jingine hadi la 32, ukiongea maneno yaleyale na gein (kiwango cha kukuza maiki) ileile. Lenye mkwaruzo au sauti hafifu liandike. Kisha chukua maiki inayohitaji volti 48 kutoka kwenye miksa ukapite tena. Halafu sukuma fada zote juu kwenye miksi moja, zote chini kwenye nyingine, uwe unaruka kati ya hizo mbili. Fada zinapaswa kukimbia pamoja. Inayobaki nyuma au inayotetemeka mota yake imechoka au imejaa vumbi, na vumbi letu la Januari unalijua. Matundu yote mawili ya AES50 yajaribu ukiwa na boksi la kuazima. Fada mbili tatu mbovu siyo sababu ya kuiacha, zinabadilishika, punguziwa bei. AES50 ikiwa mbovu achana nayo.

Ukishaiona weka hapa picha ya mgongo wake na namba ya fimwea (programu ya ndani ya miksa) inayoonekana ikiwaka, nitakwambia kama kuna cha kusasisha kwanza.