Re: "Palia wali" maana yake nini?

Mdau umeuliza recipe ikisema "maji yakikauka palia wali" ndo ufanyeje, na neno limetoka wapi. Ni simple tu, unapunguza moto chini halafu unaweka makaa ya moto juu ya mfuniko ili wali uive kwa joto la juu na chini, yaani oveni ya bibi zetu hiyo. Mfuniko uwe wa bati au sufuria bapa, usije ukaweka makaa kwenye mfuniko wa kioo 😂

Kuhusu asili, neno ni letu wenyewe. Kuna kitenzi kupaa moto, zamani kiberiti kikikosekana mtoto anatumwa kwa jirani na kigae akapae moto, yaani achukue makaa. Sasa kupaa ukiongeza ile -lia ya kufanyia kitu ndo unapata kupalia, unaupalia wali moto. Ndo maana pia mtu akikuchongea kwa bosi unasema kanipalia makaa, hapo sufuria ni wewe. Ila kupaliwa na maji ukikohoa ni jambo lingine, usichanganye.

Kwa gesi utapunguza moto mpaka mwisho, ufunike na foili, dakika kama 15 hivi, unaiva vizuri tu ila mi kwa wali wa nazi bado nawasha jiko la mkaa, ile juu inavyokauka punje moja moja na harufu ya tui inavyopanda ukifunua, gesi haikupi. Na ukoko je?